Historia ya Namba Moja: 61,741,120

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Nawasalimu ninyi nyote mliokusanyika madarasani Kumsenga na katika vijiji vingine vya Kibondo na Kasulu. Nawaomba walimu wa madarasa wawe na chaki mkononi, na kila mwanafunzi awe na daftari na penseli. Yafaa pia pawe na bakuli la maharage makavu mezani, maana tutayatumia.

Somo letu la leo ni la historia, lakini halihusu mtawala wala vita. Ni historia ya namba moja. Mwalimu, iandike ubaoni kwa tarakimu kubwa: 61,741,120.

Hiyo ni idadi ya watu waliohesabiwa katika Tanzania nzima, Bara na Visiwani, katika sensa ya mwaka 2022. Swali lililoulizwa kila nyumba lilikuwa hili: Nani alilala hapa usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 23 Agosti 2022? Rais Samia Suluhu Hassan aliitangaza jumla hiyo mjini Dodoma tarehe 31 Oktoba 2022. Kila mtu aliyehesabiwa Kumsenga yumo ndani ya namba hii.

Leo tutauliza mambo matatu. Kwanza, namba hii imetoka wapi? Pili, ina tabia gani? Tatu, je, mtu wa kijijini mwenye chaki tu anaweza kuipima aone kama imejumlishwa sawasawa?

KUISOMA NAMBA

Namba ndefu huwatisha watu kwa sababu hawajui waanzie wapi. Dawa yake ni kuikata vipande vya tarakimu tatu tatu, kuanzia mkono wa kuume. Ndiyo kazi ya vile vituo vidogo mnavyoviona. Kipande cha kwanza kutoka kuume ni 120. Cha pili ni 741, nacho ni cha maelfu. Cha tatu ni 61, nacho ni cha mamilioni. Basi someni pamoja: milioni sitini na moja, laki saba, elfu arobaini na moja, mia moja na ishirini.

Sikilizeni maneno hayo, maana yamebeba historia. Milioni ni neno lililotufikia kutoka Ulaya. Laki ni neno la India, lililoletwa pwani na wafanyabiashara waliovuka bahari kwa majahazi. Elfu, mia, sitini, arobaini, ishirini na saba ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Katika namba yote hii neno moja tu la hesabu ni la asili ya Kibantu, nalo ni moja. Limetokea mara tatu: sitini na moja, arobaini na moja, mia moja. Maneno kama tatu na tano pia ni ya Kibantu. Ninyi mnaosema Kiha mnajua kwamba ni ndugu wa maneno ya kwenu. Wekeni akilini neno hilo moja. Tutalirudia mwishoni.

Je, namba hii ni kubwa kiasi gani? Tuseme mtu anahesabu kichwa kimoja kwa kila sekunde, usiku na mchana, asilale wala asile. Siku moja ina sekunde 86,400. Mtu huyo angehitaji karibu siku 715, yaani karibu miaka 2. Kwa hiyo hakuna mtu mmoja anayeweza kuhesabu taifa. Kazi hugawanywa. Nchi hukatwa katika maeneo madogo madogo, na kila eneo hupewa karani wake. Karani hujumlisha nyumba, kijiji kikajumlishwa katika kata, kata katika wilaya, wilaya katika mkoa, na mikoa katika taifa. Namba kubwa ni mto uliojazwa na vijito vingi.

WALIVYOHESABIWA WAZEE WETU

Kabla ya kuhesabiwa kama raia, watu wa nchi hii walihesabiwa kwa sababu nyingine. Wajerumani walipotawala walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Ili utoze kodi ya nyumba, huna budi kujua nyumba ni ngapi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, Wabelgiji waliishika Kigoma pamoja na Buha, na mwaka 1921 wakawaachia Waingereza. Mwaka 1922 Waingereza wakatunga sheria yao ya kodi ya nyumba na kodi ya kichwa. Jina lenyewe linaonyesha kilichohesabiwa: kichwa cha mwanamume aliyeweza kulipa. Hesabu za watu zilizofanyika mwaka 1921, 1928 na 1931 zilitegemea sana taarifa za wakubwa wa vijiji na vitabu vya kodi. Haishangazi basi kwamba watu walijificha. Mzee aliyekuwa na wana wanne aliona heri aandikishe wawili.

Kisha kulikuwa na mkonge. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalihitaji watu, na Buha ilikuwa mojawapo ya nchi walikotoka wafanyakazi hao. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha chombo chao cha kuandikisha wafanyakazi, kilichoitwa SILABU. Vijana wa Kibondo na Kasulu kwa maelfu walipanda gari moshi la Reli ya Kati kwenda kukata mkonge. Kila mmoja alipewa namba, na kutokana na namba hiyo wakaitwa manamba. Angalieni neno hilo. Mtu aliacha jina lake nyumbani, akaenda kuitwa kwa namba. Kwa wazee wengi wa Buha, hiyo ndiyo iliyokuwa maana ya kuhesabiwa: ama kodi, ama mkonge.

Nimewaeleza hayo ili vijana wasiwacheke wazee wanaosita karani anapobisha hodi. Hofu hiyo haikuzuka bure.

TANGU 1948 HATA 2022

Hesabu ya watu iliyofanywa kwa utaratibu wa sensa, nyumba kwa nyumba, ilifanyika Agosti 1948 katika nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Uingereza. Tanganyika ilionekana kuwa na watu karibu milioni 7 na nusu. Agosti 1957 ikahesabiwa tena, watu wakakaribia milioni 8 na laki 8.

Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, Mapinduzi ya Zanzibar yakawa Januari 1964, na Muungano ukawa Aprili 1964. Sensa ya kwanza ya Tanzania iliyoungana ilifanyika Agosti 1967. Mwalimu, andika ubaoni:

1967: 12,313,469
1978: 17,512,610
1988: karibu 23,100,000
2002: 34,443,603
2012: 44,928,923
2022: 61,741,120

Sensa hizi zote zilifanyika mwezi wa Agosti, nanyi wakulima mtafahamu sababu. Agosti ni kiangazi. Mavuno yamekwisha kuingia ghalani, njia zinapitika, na watu wengi wako nyumbani.

Sasa fanyeni hesabu hii: chukueni jumla ya mwaka 1967 mzidishe kwa 5. Mtapata 61,567,345. Toeni jawabu hilo katika jumla ya mwaka 2022. Yatabaki 173,775. Maana yake ni kwamba katika miaka 55 watu wa nchi hii wamekuwa mara 5 na zaidi kidogo. Palipokuwa na mtoto mmoja wa kukaa kwenye dawati, sasa wapo watano. Na kutoka 2012 hadi 2022 peke yake waliongezeka watu 16,812,197. Hao walioongezeka katika miaka 10 ni wengi kuliko watu wote waliohesabiwa mwaka 1967.

Kuna jambo jingine katika historia hii. Mwaka 1967 watu waliulizwa kabila na dini. Katika sensa zilizofuata maswali hayo hayakuulizwa tena. Kwa hiyo ukiitazama namba ya mwaka 2022 huwezi kujua Waha ni wangapi, wala Wasukuma, wala Wamakonde. Katika namba hiyo kila mtu ni moja, basi.

TABIA ZA NAMBA

Sasa tuiache nchi kidogo, tuitazame namba yenyewe. Namba zina tabia kama watu. Nyingine hugawanyika kwa urahisi, nyingine ni ngumu, hazikubali kugawanywa.

Tazameni tarakimu ya mwisho ya 61,741,120. Ni 0. Kwa hiyo namba hii ni shufwa, yaani inagawanyika kwa 2 bila baki. Inagawanyika pia kwa 5 na kwa 10. Je, yawezekana kwamba wakubwa waliikata ili iwe namba nzuri yenye sifuri mwishoni? Lazima namba iishie kwa tarakimu fulani, na tarakimu ziko 10. Katika kila namba 10 zinazofuatana, moja huishia kwa 0. Kwa hiyo sifuri moja si ajabu. Kama ingekuwa 61,000,000 kamili, hapo ingefaa kuuliza.

Endeleeni kuigawa nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza ni 30,870,560. Kisha 15,435,280. Kisha 7,717,640. Kisha 3,858,820. Kisha 1,929,410. Kisha 964,705. Hapo imekataa, kwa sababu 964,705 ni witiri. Tumeigawa kwa 2 mara 6.

Sasa 964,705 inaishia kwa 5, basi tuigawe kwa 5. Tunapata 192,941. Hii tuigawe kwa 7. Tunapata 27,563, hakuna baki. Baada ya hapo kazi inakuwa ngumu. Jaribuni 7 tena, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41: zote zinaacha baki. Mkifika 43 inakubali, nanyi mtapata 641. Na 641 haigawanyiki tena kwa namba yoyote isipokuwa 1 na yenyewe. Namba ya namna hiyo huitwa namba tasa.

Basi hii ndiyo mifupa ya namba yetu:

2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 7 × 43 × 641

Zidisheni zote, mtarudi kwenye 61,741,120. Hakuna njia nyingine ya kuiunda kwa namba tasa ila hiyo. Mkitaka kuwapanga watu hao katika safu 7 zilizo sawa, inawezekana, kila safu itakuwa na watu 8,820,160. Safu 9 zilizo sawa haziwezekani, wala safu 3. Kwa jumla ziko namba 112 zinazoigawa namba hii bila baki.

Hiyo 641 ina sifa katika historia ya hesabu. Mwanahesabu wa Ufaransa, Pierre de Fermat, aliyefariki mwaka 1665, aliamini kwamba 4,294,967,297 ni namba tasa. Kwa kuwa alikuwa bingwa aliyeheshimiwa sana, neno lake lingeweza kukubaliwa hivi hivi. Lakini mwaka 1732 Mswisi mmoja, Leonhard Euler, alionyesha kwamba namba hiyo inagawanyika kwa 641, na jawabu ni 6,700,417. Neno la bingwa likaanguka mbele ya kugawa. Hesabu haiangalii cheo cha mtu.

KUIPIMA KWA TISA

Sasa tunafika kwenye jambo litakalowafaa katika maisha yenu, si katika sensa peke yake, bali hata katika daftari la chama cha ushirika na la kamati ya maji. Ni kipimo cha tisa. Wanahesabu wa India na wa nchi za Kiarabu walikijua zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Chukueni lile bakuli la maharage. Hesabuni punje 10, halafu mtoe 9. Imebaki 1. Hesabuni punje 100, mtoe mafungu 11 ya tisa tisa, yaani punje 99. Imebaki 1. Mkiwa na punje 1,000, mkitoa 999, itabaki 1. Ni hivyo hivyo kwa elfu kumi, kwa laki na kwa milioni. Kila mara inabaki 1.

Basi laki saba zikitolewa mafungu yote ya tisa zinabakiza 7. Elfu arobaini, ambazo ni elfu kumi mara nne, zinabakiza 4. Kwa hiyo, ili kujua baki la namba nzima baada ya kutoa tisa zote, hamhitaji kugawa. Jumlisheni tarakimu zake tu.

Fanyeni: 6 + 1 + 7 + 4 + 1 + 1 + 2 + 0. Jumla ni 22. Jumlisheni tena: 2 + 2. Jawabu ni 4. Basi baki la 61,741,120 ni 4. Ndiyo sababu nilisema haigawanyiki kwa 9. Wala haigawanyiki kwa 3.

Sasa tuwapime walioijumlisha. Ilitangazwa kwamba Tanzania Bara ina watu 59,851,347 na Zanzibar ina watu 1,889,773. Mwalimu, andika zote mbili. Nyamazeni kidogo mfanye kazi.

(Muziki mfupi.)

Haya, tusahihishe. Bara: 5 + 9 + 8 + 5 + 1 + 3 + 4 + 7 ni 42, na 4 + 2 ni 6. Zanzibar: 1 + 8 + 8 + 9 + 7 + 7 + 3 ni 43, na 4 + 3 ni 7. Sasa 6 + 7 ni 13, na 1 + 3 ni 4. Baki la jumla lilikuwa 4. Zimekubaliana.

Tupime kwa njia ya pili. Wanaume walikuwa 30,053,130 na wanawake 31,687,990. Wanaume: jumla ya tarakimu ni 15, baki 6. Wanawake: jumla ni 43, baki 7. Tena 6 na 7, tena 13, tena 4. Kwamba mabaki yamekuwa yale yale, 6 na 7, ni bahati tu. Kwamba yote mawili yamefika kwenye 4, hiyo si bahati. Ni lazima iwe hivyo kama kujumlisha kulikuwa sahihi.

Lakini kila kipimo kina mpaka wake, na mwalimu mwaminifu hauonyeshi ubora wa chombo akaficha upungufu wake. Tuseme mwandishi amekosea, badala ya 59,851,347 ameandika 59,851,374. Tarakimu ni zile zile, zimebadilishana nafasi tu. Jumla yake bado ni 42, na kipimo cha tisa hakitaona kosa. Hata hivyo makosa ya namna hii yana alama yake. Toeni ndogo katika kubwa: tofauti ni 27, nayo inagawanyika kwa 9. Basi mweka hazina wa chama akiona fedha za daftari na fedha za sanduku zinatofautiana, na tofauti hiyo inagawanyika kwa 9, na aangalie kwanza kama kuna mahali palipoandikwa tarakimu kinyume, kabla hajamtuhumu mtu wizi.

HESABU ISICHOWEZA KUKIONA

Tumejua sasa kwamba jumla ya mwaka 2022 imejumlishwa vizuri. Je, hiyo yatosha kusema kwamba ni kweli? Hapana, ndugu zangu. Kujumlisha vizuri ni jambo moja. Kuhesabu wote ni jambo lingine.

Tuseme karani amefika nyumbani, na mwenye nyumba ametaja watoto watatu, akamwacha mchanga wa wiki mbili kwa kudhani kwamba bado si mtu wa kuhesabiwa. Au kijana amelala shambani usiku ule kulinda mazao, na hakuna aliyemkumbuka. Kipimo cha tisa hakitamwona mtoto huyo wala kijana huyo. Namba itajumlishwa sawasawa bila wao, na mabaki yatakubaliana.

Makosa mengine, hata hivyo, huacha nyayo ndani ya tarakimu. Mfano ni umri. Wataalamu wa sensa wamegundua, hapa kwetu na katika nchi nyingi nyingine, kwamba watu wanaosema wana miaka 30, 40 au 50 ni wengi mno, na wanaosema wana miaka 39 au 41 ni wachache mno. Umri unaoishia kwa 0 na kwa 5 unajaa, jirani zake ni tupu. Je, watu huzaliwa namna hiyo? La. Mtu asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa hukisia, na anayekisia hupenda namba ya mviringo. Kwa hiyo mtaalamu akiutazama umri uliorundikana kwenye 0 na 5, anajua kwamba hapo watu walikisia. Ndiyo maana cheti cha kuzaliwa cha mtoto si karatasi ya kutupa darini.

Tena namba kubwa husahihishwa. Tarehe 31 Desemba 2012 Rais Jakaya Mrisho Kikwete alitangaza kwamba watu waliohesabiwa mwaka ule ni 44,929,002. Uchambuzi ulipokamilika, vitabu vya sensa vilichapishwa na jumla ya 44,928,923. Tofauti ni watu 79. Katika mamilioni 44, watu 79 ni kama punje chache katika gunia. Lakini walisahihishwa, nako kusahihisha ni heshima kwa namba na kwa watu.

Kwa nini tujali? Kwa sababu serikali hupanga kwa namba. Madawati, dawa za zahanati, visima na walimu hupangwa kwa kutazama idadi ya watu walioandikwa, maana aliyeko Dodoma hawezi kuviona vichwa vya Kumsenga kwa macho yake. Kijiji chenye watoto 300 kikiandikwa 250, watoto 50 watakuja shuleni wakiwa na miguu na macho na njaa ya kujua, lakini katika mpango hawapo. Zamani mzee alimficha mwanawe asichukuliwe kodi. Leo anayemficha mwanawe anamnyima dawati.

MTU MMOJA

Sasa turudi kwenye lile neno, moja. Watu wengi husema: Mimi ni mmoja tu katika mamilioni 61, nikikosekana kuna nini? Tuwajibu kwa hesabu.

Tuseme usiku ule karani wa Kumsenga angemwandika mtu mmoja zaidi. Jumla ya taifa ingekuwa 61,741,121. Itazameni. Imekuwa witiri. Ukiigawa kwa 2 inabaki 1. Ukiigawa kwa 5 inabaki 1. Kwa 7 inabaki 1. Kwa 43 inabaki 1. Kwa 641 inabaki 1. Mifupa yote tuliyoihesabu ubaoni imevunjika, hata mmoja haukusalia. Ni sheria ya namba zote: namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha shirika isipokuwa 1. Mtu mmoja wa Kumsenga angeigeuza tabia ya namba ya taifa zima.

Manamba wa zamani alipewa namba ili jina lake lisitajwe. Katika sensa ni kinyume chake: namba haikamiliki mpaka yeye aongezwe. Karani atakapobisha hodi tena, mtajeni kila mtu aliyelala nyumbani, mzee na mchanga, mzima na mgonjwa. Na siku matokeo yatakapotangazwa, chukueni chaki, mpime kwa tisa.

ZOEZI NA MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika sensa ya mwaka 2012 Mkoa wa Kigoma ulikuwa na halmashauri 8. Hizi ndizo idadi zake: Kibondo 261,331, Kasulu Wilaya 425,794, Kasulu Mji 208,244, Kakonko 167,555, Buhigwe 254,342, Uvinza 383,640, Kigoma Wilaya 211,566, Kigoma Ujiji 215,458. Jumla ya mkoa ilichapishwa kuwa 2,127,930. Pimeni kwa tisa. (Mabaki, kwa utaratibu huo, ni 7, 4, 2, 2, 2, 6, 3 na 7. Baki la jumla ni 6.) Kisha jumlisheni kwa njia ya kawaida mhakikishe.

2. Bila kugawa, semeni kama 2,127,930 inagawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 5 na kwa 9. Elezeni sababu.

3. Mweka hazina ameandika shilingi 84,500, lakini katika sanduku mna shilingi 48,500. Tofauti ni ngapi? Je, inagawanyika kwa 9? Mnadhani kosa ni nini?

4. Waulizeni wazee waliowahi kwenda mkongeni, au watoto wao: manamba walipewa namba kwa namna gani, nao walijisikiaje?

5. Katika kijiji chenu, ni watu gani walio rahisi kusahauliwa karani anapokuja? Mfanye nini ili wasisahauliwe?

Kwaherini, ndugu wasikilizaji. Tukutane katika somo lijalo.